Shika pakiti mkononi: namna ya kupiga simu kuripoti dawa iliyokuletea matatizo

Mama alikohoa miezi minne. Kikohozi kikavu, kisicho na makohozi, kilichomwandama zaidi usiku akishajilaza. Tulimnunulia dawa ya maji, ikaisha, tukanunua nyingine. Akapigwa picha ya kifua, mapafu yakaonekana safi. Tulipokwenda kununua chupa ya tatu, mfamasia akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyekuwa ameliuliza: "Mama anatumia dawa gani nyingine?"

Alikuwa anatumia enalapril, kidonge cha presha. Dawa za kundi hilo, zile ambazo majina yake huishia na "pril", zinajulikana kwa kuwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na kikohozi chenyewe kinaweza kuchelewa kwa wiki au hata miezi tangu kidonge cha kwanza. Ndiyo maana mtu hakihusishi na dawa. Daktari akambadilishia, na wiki ya tatu Mama akalala usiku kucha.

Nikaona nipige ile simu ya kuripoti matatizo ya dawa. Nilidhani ni kazi ya dakika mbili. Mhudumu akaniuliza dawa ni ya kampuni gani, ni ya miligramu ngapi, kikohozi kilianza siku ngapi baada ya dawa, namba ya toleo (ile inayotambulisha shehena ya dawa iliyotoka kiwandani pamoja) ni ipi. Nilijibu "sijui" mara nne. Alipouliza dawa ilianza lini nikasema "kama mwezi wa tatu hivi". Pakiti tulishaitupa. Akaniambia kwa upole nitafute ninachoweza, kisha nipige tena. Maelezo yanayofuata ndiyo ambayo ningependa kuwa nayo kabla ya kupiga mara ya kwanza.

Kwanza hakikisha hii ndiyo simu unayoihitaji

Simu ya kuripoti dawa haitibu mtu. Anayeipokea mara nyingi ni mfamasia au muuguzi, na anaweza kukuelekeza, lakini kazi yake ni kusikiliza na kuandika. Hana gari la wagonjwa. Nenda hospitali au piga simu ya dharura ukiona mtu anapumua kwa shida, midomo, ulimi au koo vinavimba, amezimia, amepata degedege, au macho yamekuwa ya manjano. Vipele vyenye malengelenge au ngozi inayochubuka, hasa vikiambatana na vidonda mdomoni au macho mekundu, navyo havingojwi mpaka kesho, hata kama homa ni ndogo. Baadhi ya dawa za kifafa na baadhi ya antibayotiki huweza kuanzisha hali hiyo wiki kadhaa baada ya kuanza dozi.

Aliyemeza dawa kupita kiasi naye ni wa hospitali au kituo cha ushauri wa sumu, hata kama anaonekana mzima. Paracetamol inadanganya sana hapa: siku ya kwanza mtu anaweza kula, kucheka na kulala vizuri, huku ini lake limeshaanza kuharibika.

Jambo jingine: kuishuku dawa hakutoshi kukufanya uiache kienyeji. Dawa za kifafa, steroidi ulizozitumia kwa muda mrefu na baadhi ya dawa za moyo zina hatari yake zikikatwa ghafla. Isipokuwa una dalili za hatari nilizozitaja, mtafute daktari au mfamasia kwanza akwambie uache, upunguze, au ubadilishe. Nchini Marekani maneno yanayowekwa kwenye maelezo ya dawa yanatenganisha mambo hayo mawili vizuri: kwa ushauri wa tiba mpigie daktari wako, na kuripoti madhara ipigie mamlaka ya dawa. Ni simu mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Nini kinaripotiwa?

Wengi hufikiri ni madhara makubwa tu. Hayo yanatakiwa sana, ndiyo: kilichomlaza mtu hospitali, kilichomwacha na ulemavu, kilichohatarisha maisha, kilichomdhuru mtoto tumboni. Lakini orodha ni pana kuliko hapo.

Dawa iliyokuwa ikifanya kazi na sasa haifanyi inaripotiwa. Vidonge vilivyobadilika rangi, vinavyomeguka ukivigusa, dawa ya maji yenye chembechembe ambazo hazikuwepo, maandishi yenye makosa kwenye pakiti, namba ya toleo kwenye boksi isiyofanana na ile iliyo kwenye karatasi ya vidonge: yote hayo yanaripotiwa, kwa sababu huenda dawa ni bandia, au ilihifadhiwa vibaya njiani. Dawa za mitishamba na virutubisho navyo vimo. Mmea uitwao St John's wort, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, unaweza kupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango, na hilo halionekani mpaka mtu amepata mimba asiyoitarajia.

Kuna pia makosa ambayo watu huyaonea aibu. Ulisoma vibaya kipimo. Ulimpa mtoto dawa kwa kijiko cha jikoni badala ya kile kilichokuja na chupa. Ulichanganya pakiti mbili zinazofanana. Ripoti! Dawa ya tumbo omeprazole iliingia soko la Marekani kwa jina Losec, ikawa inachanganywa na Lasix, dawa ya kukojosha. Mwaka 1990 jina likabadilishwa kuwa Prilosec. Kampuni haibadilishi jina la bidhaa kwa sababu ya mtu mmoja aliyekosea. Hulibadilisha ikishajulikana kwamba wanaokosea ni wengi, na haiwezi kujulikana kama kila mmoja amenyamaza akidhani ni uzembe wake.

Na yale madhara yaliyokwisha andikwa kwenye kijikaratasi? Rifampicin hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, vidonge vya madini ya chuma hufanya choo kuwa cheusi. Kwa hayo sioni haja ya kupiga simu, soma kijikaratasi utulie. Lakini dhara linalojulikana likiwa zito, au likikukalia muda mrefu kama lilivyomkalia Mama, piga. Ikiwa dawa ni mpya sokoni, au mgonjwa ni mtoto, mjamzito, anayenyonyesha au mzee sana, piga hata kwa jambo dogo. Hao ndio huachwa nje mara nyingi dawa inapofanyiwa majaribio.

Lakini sina uhakika kama ni dawa

Hakuna anayekudai uhakika. Shaka inatosha, na mfumo mzima umejengwa juu ya shaka.

Ni hesabu tu. Dawa huingia sokoni baada ya kujaribiwa kwa watu mia kadhaa au elfu chache. Kama dhara humpata mtu mmoja kati ya 10,000, ungehitaji kuwajaribu watu wapatao 30,000 ili uwe na hakika ya asilimia 95 kwamba utaliona hata mara moja. Majaribio machache sana hufika huko. Kwa hiyo madhara adimu huonekana kwanza majumbani, kwa watu wasio na maabara.

Thalidomide iliuzwa Ujerumani Magharibi kuanzia 1957 kama dawa ya usingizi na kutuliza, na katika nchi nyingi wajawazito waliitumia kwa kichefuchefu. Iliondolewa sokoni Ujerumani Novemba 1961, baada ya daktari wa watoto Widukind Lenz kuihusisha na watoto waliozaliwa na mikono au miguu mifupi mno. Mwezi uliofuata jarida la The Lancet lilichapisha barua fupi ya daktari wa Australia, William McBride, aliyekuwa ameona jambo hilohilo kwa wagonjwa wake. Watoto zaidi ya 10,000 walikuwa wameathirika. Wakati ule hapakuwa na mahali ambapo shaka za watu zilikusanywa pamoja. Uingereza ilianzisha kadi yake ya njano ya kuripoti mwaka 1964, na Shirika la Afya Duniani likaanzisha mpango wa nchi kadhaa mwaka 1968. Hata hivyo, kwa miongo mingi waliosikilizwa walikuwa madaktari na wafamasia. Katika Umoja wa Ulaya, sheria iliyoanza kutumika 2012 ndiyo iliyozitaka nchi zote wanachama zipokee taarifa moja kwa moja kutoka kwa mgonjwa. Nafasi hii ya kupiga simu mwenyewe bado ni changa.

Hatua ya 1: Tafuta namba yenyewe

Anza na kijikaratasi kilichomo ndani ya pakiti, sehemu inayoeleza madhara. Kama namba haipo, muulize mfamasia yeyote, au angalia tovuti ya mamlaka ya dawa ya nchi yako. Namba inayosambazwa kwenye vikundi vya simu usiiamini mpaka uihakikishe kwa mamlaka. Ukiulizwa namba ya siri ya benki au ukitakiwa kulipia, kata: huduma hii haitozi ada na haihitaji kujua una akaunti wapi.

Unaweza pia kupigia kampuni iliyotengeneza dawa. Mimi napendelea mamlaka, kwa kuwa inaona dawa za kampuni zote kwa pamoja.

Hatua ya 2: Kila kitu mezani

Si dawa unayoishuku peke yake. Toa kila unachomeza, unachopaka, unachojichoma na unachodondosha machoni. Panga mezani.

Kwa kila dawa tafuta jina la kibiashara, jina la dawa yenyewe (huwa limeandikwa kwa herufi ndogo chini yake), nguvu yake kwa miligramu, na jina la mtengenezaji. Kisha tafuta namba ya toleo. Hiyo huandikwa karibu na tarehe ya kwisha muda, mara nyingi baada ya herufi LOT, BN au B.No, wakati mwingine kwa kubonyezwa tu kwenye karatasi ya vidonge bila wino, mpaka uigeuze kwenye mwanga ndiyo uione. Watu huiruka namba hii. Lakini kama tatizo liko kwenye dawa iliyotengenezwa siku moja tu kiwandani, ni namba hiyo inayowezesha shehena ile kusakwa na kuondolewa bila kugusa nyingine. Kwa chanjo na dawa za sindano ni muhimu zaidi, kwa hiyo iulize kituoni ulikochomwa.

Pakiti ikiwa imetupwa, usikate tamaa haraka. Angalia kadi ya kliniki, risiti, bahasha ya duka la dawa. Namba ya toleo ya Mama niliipata pasipotarajiwa, kwenye simu ya dada yangu: Mama aliwahi kumtumia picha ya pakiti ili amnunulie nyingine. Tangu hapo kila dawa mpya inayoingia nyumbani naipiga picha pande zote kabla haijafunguliwa.

Kama shida iko kwenye dawa yenyewe, yaani rangi, harufu, chembe au maandishi, usimwage wala usirudishe dukani kabla ya kupiga simu. Iache kwenye chombo chake, ifunge kwenye mfuko, andika "isitumike", weka mbali na watoto. Hali yake ya sasa ndiyo ushahidi.

Hatua ya 3: Andika tarehe

Hapa ndipo nilipokwama, na nadhani ndipo wengi hukwama. Kumbukumbu hukusanya mambo ya miezi mitatu ikayafanya ya wiki moja. Chukua karatasi, andika kila tukio kwenye mstari wake. Ya Mama, mara ya pili, ilisomeka hivi:

4 Machi: ameanza enalapril miligramu 5, kimoja asubuhi.
Kama 25 Machi: kikohozi kimeanza, siku chache baada ya harusi ya binamu.
Aprili na Juni: dawa ya maji ya kikohozi, chupa mbili, hakuna nafuu.
18 Julai: enalapril imeachwa, ameanza losartan.
Kama 6 Agosti: kikohozi kimekwisha.

Tazama mistari miwili ya mwisho. Dalili ilifanya nini baada ya dawa kuachwa? Ikipungua, shaka inapata nguvu. Ikiendelea vilevile, huenda chanzo ni kingine. Na kama kwa bahati mbaya mtu aliimeza tena na dalili ikarudi, liseme hilo bila kukosa. Lakini usimeze tena makusudi ili kujaribu. Aliyepata mzio mara ya kwanza anaweza kupata mkali zaidi mara ya pili.

Pale usipokuwa na tarehe kamili, tumia tukio linalokumbukwa, kama ile harusi. "Kama" iliyo ya kweli ina faida kuliko tarehe ya kubuni.

Hatua ya 4: Piga

Chagua wakati ambao huna haraka. Ukiripoti kwa niaba ya mtu mwingine, mwombe ruhusa, na ikiwezekana awe kando yako. Mara ya pili nilimweka Mama karibu na spika ya simu, na nilipomwambia mhudumu kuwa kikohozi kilikuwa cha usiku, akanikatiza: "Si usiku tu, mwanangu. Hata nikicheka."

Taarifa inakubalika ikiwa na mambo manne: mgonjwa fulani, mtu anayetoa taarifa, dawa inayoshukiwa, na kilichotokea. Mengine yote huipa uzito. Kwa hiyo usiache kupiga kwa sababu hukuipata namba ya toleo. Mgonjwa si lazima atajwe jina kamili, mara nyingi herufi za mwanzo, umri na jinsia vinatosha. Mawasiliano yako huchukuliwa ili wakuulize zaidi wakihitaji.

Eleza kilichotokea, kisha uache jina la ugonjwa likija lije. Sisi husema "dawa ilimkataa", na nyumbani kila mtu anaelewa. Kwenye fomu ya mhudumu maneno hayo hayana pa kuingia. Sema: vipele vyekundu vya kuwasha, vilianza kifuani saa moja baada ya kidonge cha kwanza, vikasambaa mgongoni, vikaisha siku ya pili. Hata "kizunguzungu" kifafanue. Je, ni chumba kuzunguka, au ni kuona giza ukisimama? Kwa mtaalamu hayo ni mambo mawili tofauti.

Utaulizwa pia kuhusu uzito, magonjwa mengine, figo na ini, mimba, mzio wa zamani, pombe. Utaulizwa kuhusu mitishamba, na hapo ndipo wengi hufichaficha. Kama ulikunywa majani ya kuchemsha, sema. Kama ulimeza dawa aliyoandikiwa jirani, sema pia. Anayeandika hana faida ya kukukaripia, na ukificha, dawa isiyo na kosa inaweza kubebeshwa lawama.

Usitarajie simu hii ikurudishie pesa, ikulipe fidia au imwadhibu aliyekuhudumia. Kwa malalamiko hayo kuna ofisi nyingine, mwombe mhudumu akuelekeze. Kabla ya kukata, omba namba ya kumbukumbu, na uiandike palepale kwenye karatasi yenye tarehe.

Hatua ya 5: Baada ya simu

Huenda wakakupigia kuomba kuzungumza na daktari wako. Ni hiari yako. Baada ya hapo kwa kawaida ni kimya, na ni vizuri ujue mapema usije ukadhani umepuuzwa. Wataalamu huipanga taarifa kwa ngazi: hakika, huenda sana, yawezekana, haielekei. Nyingi huishia "yawezekana". Kisha huondolewa utambulisho wa mgonjwa na, kwa nchi zilizo kwenye mpango wa Shirika la Afya Duniani, hutumwa Uppsala nchini Sweden, kwenye hazina yenye taarifa zaidi ya milioni 30. Humo kompyuta hutafuta dawa na dalili zinazokutana mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Kinachotoka mara nyingi ni mstari mmoja mpya kwenye kijikaratasi, mara chache ni dawa kuondolewa sokoni.

Piga tena kukiwa na jipya: dalili imerudi, majibu ya vipimo yametoka, mama aliyeripoti akiwa mjamzito amejifungua, salama au vinginevyo. Anza kwa kutaja namba ya kumbukumbu, la sivyo taarifa moja itahesabiwa kuwa mbili.

Na kumbuka kwamba taarifa uliyotoa haiingii kwenye faili lako la hospitali. Daktari mwingine, mwaka kesho, hataiona. Mama sasa ana mstari kwenye jalada la mbele la kadi yake ya kliniki: "Enalapril: kikohozi kikavu miezi 4. Asipewe dawa za kundi hili bila kuulizwa." Niliomba muuguzi auandike kwa wino mwekundu, nikaupiga picha.